Bima ya vitu vya nyumbani na saa za thamani

Bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani mara nyingi haitoshi kwa saa ya mkononi ya thamani kubwa, kwa sababu mikataba mingi huweka kikomo cha fidia kwa kitu kimoja, na saa moja nzuri hukivuka kikomo hicho kwa urahisi. Saa na itajwe yenyewe ndani ya mkataba, pamoja na namba iliyochongwa kwenye kasha lake, au ikatiwe bima ya peke yake. Katika kazi yangu ya kushughulikia madai ya fidia, mvutano mkubwa huwa juu ya thamani: mkataba wa thamani iliyokubaliwa hulipa kiasi kilichoandikwa tangu mwanzo iwapo saa itapotea kabisa, ilhali ule wa thamani ya soko hukulazimu kuthibitisha bei ya siku ya hasara, jambo gumu sana kwa saa ambayo haitengenezwi tena. Mimi ningechagua wa kwanza, hata kama ada yake ni kubwa zaidi, na ningerudia tathmini kila baada ya miaka 2 au 3, kwani bei za saa hizi hupanda na kushuka. Hakikisha pia kwamba unalindwa ukiwa safarini, si nyumbani tu. Uchakavu na hitilafu za mitambo kwa kawaida havifidiwi, na baadhi ya mikataba hukataa kulipia saa iliyotoweka bila maelezo.