Umezaliwa Tanga, theluji umeitoa wapi?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimesoma hadithi yako ya matarishi wa barafu. Umezaliwa Tanga, theluji umeitoa wapi? Nami naandika riwaya ya visiwa vilivyoganda, nimekwama ukurasa wa pili." Namjibu hapa, maana najua wenye madaftari yaliyofichwa chini ya godoro tuko wengi.

Kwanza niseme: hadithi ile imechapwa yote, haikukatwa hata aya moja. Nalitaja kwa makusudi. Kuna mhariri, simtaji, aliyenirudishia kwa mstari mmoja tu: "Mswahili na barafu wapi na wapi?" Sikumjibu. Ila mhariri huyo huyo huchapa hadithi za majini wa kuzimu kila msimu, na sijasikia akimuuliza mwandishi alikwenda huko lini.

Haya, ushauri. Achana na theluji, anza na kazi. Ukurasa wa pili unakwama kwa sababu weupe hauna la kufanya. Tarishi analo. Ana mfuko wa barua begani, ana saa ya kufika, ana bosi anayemdai hesabu.

Nilipoamua kwamba visiwa vyangu vya kubuni vitakuwa na posta, nilienda kutafuta watu waliowahi kuifanya kazi hiyo kwelikweli. Nikawakuta Kanada, kwenye kisiwa cha Prince Edward. Kati ya kisiwa na bara pana mlango wa bahari wa Northumberland, ambao penye wembamba kabisa una kilomita 13 hivi. Leo pana daraja, lilifunguliwa mwaka 1997. Lakini tangu 1827 hadi 1917, barua za majira ya baridi zilivushwa kwa mashua ndogo kutoka Cape Traverse hadi Cape Tormentine. Penye maji walipiga makasia. Penye barafu walishuka, wakajifunga mikanda iliyoshikizwa kwenye mashua, wakaiburuta. Mkanda ule ulikuwa wa kuvutia, na pia wa kumwokoa mtu barafu ikimpasukia miguuni.

Kilichoniamsha usiku ni nauli. Abiria mwanamume aliyelipa pungufu alishuka kuvuta pamoja na mabaharia. Aliyelipa zaidi alikaa. Hebu fikirieni! Watu wawili, mashua moja, mmoja amekaa na blanketi, mwingine anazama hadi magotini. Mazungumzo yao yalijiandika yenyewe, mimi nilishika kalamu tu.

Kisha nikasoma kwamba barafu ile haikutulia, ilisukumwa huku na huku na upepo na maji kujaa na kupwa. Hapo mtoto wa Tanga nikacheka peke yangu. Bamvua nalijua. Kuburuta dau matopeni maji yakiwa yamekupwa nimekuona tangu utotoni, na matusi yanayoandamana na kazi hiyo nayajua kwa moyo. Mhariri wangu hakulifikiria hilo.

Januari 1885 mashua za barua zilinaswa na dhoruba, watu wakalala juu ya barafu. Walivunja mashua moja wakawasha moto. Baadhi yao walipoteza vidole kwa baridi. Mimi nikajiuliza: mbao zikiisha, barua je? Nikaipa posta yangu kanuni: barua haichomwi, hata ya kumdai mtu deni. Kuanzia hapo sikukwama tena, kwa kuwa kila mhusika alikuwa na msimamo wake juu ya kanuni ile.

Na msisahau kuuliza nani amelazimishwa. Huko Åland, kati ya Sweden na Finland, kuanzia mwaka 1638 wakulima wa kando ya njia ya posta walibebeshwa jukumu la kuvusha barua baharini, kiangazi na baridi, nao wakasamehewa jeshi. Tarishi wangu mkuu nilimtoa humo: hapendi barua, ila anapenda kuwa hai.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kazi kwanza. Nasema tena, kazi kwanza. Nani analipa, nani anabeba, mzigo una uzito gani. Someni. Vijana mnataka kuandika dunia nzima nanyi hamjasoma hata jinsi barua inavyotoka Tanga kufika Pangani. Na anayekuambia mada fulani si ya Waswahili, mwulize orodha hiyo ya mada ameitunga nani.

Sehemu ya pili ninayo mkononi. Mkaguzi wa posta amekuja baada ya dhoruba kuhesabu mifuko, na mmoja haupo. Msiniulize umekwenda wapi; bado namchunguza yule abiria aliyelipa nauli nzima.