Uturuki na mama: kundi la basi au mjitegemee?
Dada wa Ngamiani, nimekuelewa: mama magoti yanamsumbua, nawe hujui mwende na kundi au wenyewe.

Istanbul jitegemeeni. Chukueni hoteli Sultanahmet, mtaa wa kale wa jiji, karibu na kituo cha tramu, mama akichoka arudi akalale. Kwenye kundi ataamshwa alfajiri, kisha mpitishwe maduka ya mazulia msiyoyahitaji; hilo ndilo linalowachosha wazee. Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne, Soko Kuu Jumapili.

Kapadokia, eneo la miamba katikati ya Uturuki, ni mbali na Istanbul, huko kundi ni bora. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi kama viingilio vimo kwenye bei.

Viza ulizia ubalozi wao Dar, usimwachie dalali. Mama amwone daktari kwanza, na dawa zikae mkoba wa mkononi.