Betri yako haijafa, ina njaa

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Mimi ni msomaji wako wa Kitangari, Newala. Nina betri mbili za N100 (za ampea-saa 100), zile za maji, na paneli moja ya wati 100. Betri ya kwanza ina miaka mitatu, ya pili niliinunua kwa hela ya korosho za msimu uliopita. Nawasha taa tano na tivii, na pale kibandani nachaji simu za watu, kama 15 kwa siku. Siku hizi ikifika saa mbili usiku inveta inapiga kelele na tivii inazima. Jirani ananiambia nimwage maji yote nitie haluli iliyochemshwa, eti betri itafufuka. Mwingine anasema niongeze maji makali, yaani tindikali. Nishike la nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usishike la yeyote. Kaa kwanza tupige hesabu, maana naona kilichozidhoofisha betri zako bado kipo hapo nyumbani.

Paneli ya wati 100, jua likiwaka vizuri kwa saa 5, inakupa wati-saa 500. Toa kinachopotea kwenye nyaya na kwenye betri yenyewe, unabaki na 400 hivi. Sasa matumizi. Tivii ya wati 40 kwa saa 5 ni 200. Taa tano za wati 7 kwa saa 5 ni 175. Simu 15, kila moja ikila kama wati-saa 10, ni 150. Jumla 525. Kila siku unakopa 125 kwenye betri na hulipi, na mvua za Januari zikianza deni linakua. Hizo betri zina miezi hazijashiba hata siku moja.

Betri yenye njaa inaota ugonjwa. Ndani yake kuna sahani za risasi zilizozama kwenye tindikali. Inapotoa umeme, sahani zinavikwa utando mweupe wa salfeti. Ukichaji mapema, utando ule unarudi kuwa tindikali. Ukiuacha majuma, unaganda kuwa chembe ngumu zisizopitisha umeme. Sisi wa mikoroshoni tunaijua salfa ya kupulizia. Hii ni jamaa yake, ila inazaliwa humo humo ndani.

Ndiyo maana nakukataza maji makali. Kinachopungua kwenye betri ni maji matupu, tindikali haipai. Ile unayoiona imepungua imejificha kwenye utando. Ukiongeza nyingine, siku utando ukiachia, ukali utazidi na kuzila sahani. Na haluli nimeijaribu kwa mikono yangu zaidi ya mara moja, kwa kuwa wateja walinibembeleza. Betri inaonyesha uhai siku chache, kisha inalala moja kwa moja. Haluli haina uwezo wa kuyeyusha zile chembe.

Fanya hivi. Zitenganishe hizo betri leo, maana nzee inainyonya mpya usiku kucha. Fungua vifuniko. Ukikuta sahani ziko wazi, tia maji ya betri ya dukani mpaka zifunikwe tu, usijaze. Najua maji ya kununua yanauma, na najua huko kwenu mnategemea mvua ya bati, lakini maji ya bati yana vumbi na kutu, na ya bomba yana chumvi na dawa. Usiyatie.

Kisha chaji moja moja, bila mzigo wowote. Kwa paneli yako ni siku tano au sita kwa kila betri, na tivii ipumzike. Nakuomba uvumilie hapa, kwa sababu chaji ndogo ya muda mrefu ndiyo dawa yenyewe. Chaji kubwa ya haraka inachemsha tu maji. Ikishaiva, jaza maji hadi alama. Kama kontrola yako (kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) ina sehemu ya kusawazisha, ondoa inveta na taa zote, uiache ipande hadi volti 15.5 hivi kwa saa mbili tatu. Seli, vile vyumba sita vya ndani ya betri, zitatoa vipovu kama uji unaotaka kuchemka. Shika ubavu wa betri. Ukiona mkono haukai kwa joto, zima. (Betri zilizozibwa, zisizo na vifuniko vya maji, hazifanyiwi hivi kabisa.)

Sasa chukua haidromita, kile kipimo cha ukali wa maji ya betri. Nyonya maji ya seli ya kwanza taratibu mpaka kielea kisimame bila kugusa ukuta wa kioo, usome mstari, kisha urudishe maji kwenye seli ile ile. Iliyoshiba inasoma karibu 1.265. Mimi naangalia zaidi kama zinalingana: tano zikisoma 1.240 na moja 1.150, hiyo moja ndiyo mgonjwa, na mara nyingi haiponi. Huna haidromita? Iache betri usiku mmoja bila kitu, upime kwa mita asubuhi. Volti 12.6 imeshiba, 12.2 ni nusu. Ikisimama kwenye 10.5 baada ya chaji yote ile, seli moja kati ya sita imepiga shoti. Hiyo usiitilie hela tena.

Mwisho iweke kwenye kazi. Funga taa ya mbele ya gari ya wati 55, uhesabu saa mpaka mita isome 10.5. N100 mpya inakaribia saa 20. Yako ikifika 12, imepona kiasi cha kutumika. Ikiishia saa 4, basi. Ukimaliza kupima, irudishe kwenye chaji papo hapo.

Hayo yote yafanyie barazani, kwenye upepo, maana vile vipovu ni gesi inayolipuka kwa cheche. Nikiwa kijana karakanani Masasi, tulichaji betri ya lori usiku kucha ndani ya chumba kilichofungwa. Asubuhi niliingia na spana, ikagusa vichwa viwili, cheche moja tu. Mfuniko ulipiga dari, tindikali ikanijaa usoni. Bwana mkubwa wangu alinilaza chini akanimwagia maji machoni ndoo kwa ndoo, robo saa nzima, huku napiga kelele. Macho haya ninayosomea barua yako aliyaokoa yeye. Weka ndoo ya maji karibu kabla hujafungua kifuniko.

Zikipona, ongeza paneli ya pili ya wati 100, au simu zisizidi mbili kwa siku.

SWALI: Fundi, mimi naandika kutoka Msimbati. Mume wangu anavunja betri mbovu na kuyeyusha risasi yake kwenye sufuria jikoni, anatengeneza chubwi za nyavu. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, dada yangu, na ni mkubwa. Moshi wa risasi na vumbi lake vinaingia kwenye damu, na kwa watoto vinaharibu ubongo bila kuonyesha dalili ya haraka. Mwambie aache leo. Sufuria ile isipikie tena, na mchanga wa pale alipovunjia msiufagie ukiwa mkavu. Umwagieni maji kwanza. Betri mbovu aiuze nzima kwa wanunuzi wa chakavu, bila kuimwaga. Watoto waliokuwa wakikaa karibu wapeleke hospitali, na ukifika kwa daktari anza na neno hilo: risasi.