Mbunge wako wa jimbo, ulishamuuliza hela ya shule?

Wazazi wenzangu mliopo Texas, nyie wa Abilene, Houston, Dallas na sisi wa Austin, tukisikia uchaguzi wa Marekani akili inaruka Washington moja kwa moja, kumbe hela ya shule ya mtoto wako kwa sehemu kubwa inaamuliwa hapa hapa jimboni na watu ambao hata majina hatuyajui.

Mimi nilianza kufuatilia kwa Gina Hinojosa. Huyu mama ni wakili, katokea Rio Grande Valley kule mpakani na Mexico, sheria kasomea chuo kikuu cha George Washington, akawa anatetea haki za raia na vyama vya wafanyakazi, 2012 akaingia bodi ya shule za Austin mpaka akaiongoza, ndo 2016 akachaguliwa bunge la jimbo. Sio kampeni hii jamani! Nachosema, mwanasiasa akikwambia "mimi wakili" usibabaike, uliza alikuwa anamtetea nani, na mambo ya shule aliyajulia wapi.

Alafu mbane kwenye namba. Texas kila mwanafunzi ana kiwango chake cha msingi cha hela ya shule, toka 2019 kilikuwa dola 6,160, huku kila kitu dukani kinapanda. 2025 wabunge wakapitisha nyongeza kama dola bilioni 8.5, sehemu kubwa ikaenda mishahara, kiwango chenyewe wakaongeza dola 55. Hamsini na tano tu! Na mwaka huo huo wakatenga bilioni 1 kusaidia watu kulipia shule binafsi, Hinojosa akapinga.

Kingine anachopigania ni hesabu ya watoto, maana Texas inalipa kwa mahudhurio, sio kwa walioandikishwa, yaani mtoto akibaki nyumbani shule inapungukiwa ila mwalimu analipwa vile vile. Kwa hiyo ukimpeleka kwa daktari asubuhi, mrudishe darasani siku hiyo hiyo na karatasi ya daktari, anahesabiwa yupo. Wengi hawalijui hili.

Na ukitaka kusema mwenyewe, nenda bunge la jimbo. Kikao cha kawaida ni siku 140 kuanzia Januari, kimoja kilikuwa 2025, kinachofuata 2027. Muswada ukifika kamati unajiandikisha kwenye zile kompyuta zao, hawakuulizi kura ulimpa nani, unapewa dakika mbili tatu hivi uongee. Andika kabisa utakachosema, na beba chaja na kitu cha kula, mimi zamu yangu ilifika usiku watu washaanza kusinzia.