Ngozi ya Marumaru na Jicho Linalotoa Machozi

SWALI: Dokta, binti yangu ana miezi minne. Alizaliwa na michoro ya zambarau kama wavu kwenye mguu wa kushoto, mingine shavuni. Bibi yake alisema ni baridi, nikawa namfunika blanketi mbili, haikuondoka. Sasa wiki mbili jicho la kushoto linatoa machozi, na kwenye mwanga hulifumba na kulia. Nimepewa dawa ya matone, hakuna nafuu. Je, mambo haya yanahusiana? Na ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, mpeleke kwa daktari wa macho kesho, usingoje wiki ijayo. Mguu unaweza kusubiri, jicho haliwezi.

Michoro ya baridi hupotea mtoto akipata joto. Ya binti yako haikupotea hata kwa blanketi mbili, na hilo linanifanya nifikirie ugonjwa adimu wa mishipa midogo ya damu uitwao kutisi marmorata telanjiektatika konjenita. Daktari Mholanzi, Cato van Lohuizen, aliueleza mwaka 1922. Marmorata ni marumaru, na ngozi hufanana nayo kweli.

Baadhi ya watoto hawa, hasa wenye michoro usoni, hupata presha ya jicho. Machozi bila tongotongo na kuogopa mwanga ni dalili zake. Ukuta wa jicho la mtoto mchanga bado ni laini, kwa hiyo presha hulitanua na sehemu nyeusi huonekana kubwa. Watu husifu, “Ana macho makubwa mazuri!” Sifa hiyo hunitia hofu kila niisikiapo. Linganisha macho yake mawili leo. Presha ikishaua mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi. Ikiwahiwa, matone na mara nyingi upasuaji huokoa uliobaki.

Ngozi haihitaji krimu. Kwa wengi michoro hufifia miaka ya mwanzo. Angalia vidonda, na kila kliniki waombe wapime miguu yote miwili, maana mmoja unaweza kuwa mwembamba au mfupi.

Chakula chako hakihusiki, mama. Hukumdhuru mwanao, na ugonjwa huu hauambukizi.

Ukifika, usiseme tu “jicho linatoa machozi,” utapewa matone tena. Sema: “Ana michoro ya mishipa usoni tangu kuzaliwa, naomba apimwe presha ya macho yote mawili.”