Maswali Yenu: Warsha ya R Inapohamia Mtandaoni

SWALI: Warsha yetu ya R (lugha ya kompyuta ya kuchambua data) kwa watafiti 24 huchukua siku mbili, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Safari hii washiriki wametawanyika. Je, tuhamishie ratiba ile ile kwenye Zoom?

JIBU: Hapana. Kufikia saa nane mchana mtakuwa mnafundisha majina tu, watu wameshaondoka. Zigawanyeni siku hizo mbili ziwe vipindi vinne, kila kimoja cha muda wa saa tatu, asubuhi nne mfululizo, na kila baada ya dakika 50 wapeni mapumziko ya dakika 10. Muda utapungua, na mtandaoni kila zoezi hukawia zaidi, kwa hiyo ondoeni mada nzima badala ya kubana kila mada. Sisi tungeacha kuandika funksheni (amri za kujitungia mwenyewe), tukabaki na kupakia data, kuisafisha na kuchora grafu. Grafu ya kwanza ionekane siku ya kwanza, maana ndiyo inayomrudisha mtafiti siku ya pili.

Tatizo kubwa ni kwamba humwoni aliyekwama. Darasani watu hubandika karatasi nyekundu kwenye kompyuta, au uso tu unatosha kueleza. Mtandaoni aliyekwama hunyamaza. Usiulize “mmeelewa?” Sema: “Aliyemaliza aweke alama ya vema, aliyekwama aweke X,” kisha hesabu mpaka zitimie 24 ndipo uendelee.

Kwa idadi hiyo mnahitaji wasaidizi wanne, mtu mmoja wa kusoma ujumbe wa washiriki, na mkufunzi wa akiba mwenye kodi ile ile (amri za R za somo) tayari, endapo mtandao wa anayefundisha utakatika. Aliyekwama aende na msaidizi kwenye chumba kidogo cha Zoom, kilichojitenga na kikao kikuu, aonyeshe skrini yake. Dakika tano zikipita bila ufumbuzi, ahamie RStudio (programu ya kuandikia R) ya kwenye kivinjari kupitia huduma ya mtandaoni ya Posit Cloud, na kompyuta yake ishughulikiwe baada ya kipindi. Kila amri inayoandikwa inakiliwe papo hapo kwenye hati ya pamoja. Bila hiyo, anayerudi kutoka chumba kidogo hana pa kushikia.

SWALI: Nusu saa ya kwanza huishia kwenye kusakinisha programu. Tufanyeje?

JIBU: Wekeni saa moja ya usakinishaji siku mbili kabla, na kila mshiriki atume picha ya skrini baada ya kuandika library(tidyverse), amri inayofungua mkusanyo wa vifaa vya nyongeza vya R, bila kupata kosa. Wengi husakinisha RStudio peke yake wakadhani wamemaliza. RStudio ni dirisha la kufanyia kazi. R yenyewe lazima iwepo, na ndiyo itangulie. Wenye kompyuta za ofisi waulizwe mapema kama wanaruhusiwa kusakinisha chochote.

Kosa jingine ni faili la zip, yaani faili za mafunzo zilizobanwa pamoja. Windows humwonyesha mtu yaliyomo ndani hata kabla hajayatoa, hivyo anaiona data.csv kwa macho yake huku R ikimjibu “No such file or directory” (hakuna faili wala folda hiyo). Abofye kitufe cha kulia cha kipanya juu ya zip, atoe faili zote, kisha afungue folda mpya.

SWALI: Washiriki wanasema hawawezi kuisoma kodi yetu kwenye skrini.

JIBU: Wengi wana skrini moja ndogo: nusu Zoom, nusu RStudio. Mkufunzi akionyesha skrini yake pana nzima, herufi zinakuwa kama chembe za mchanga. Aonyeshe sehemu tu ya skrini, yenye umbo la karibu mraba, herufi zianzie saizi ya 20, mandhari iwe nyeupe. Kisha ajiunge na kikao kwa kifaa cha pili, akipunguze kidirisha hadi nusu ya skrini, na ajaribu kusoma mwenyewe. Koma na nukta zikimchanganya, aongeze saizi.

SWALI: Mtandao wa baadhi yao ni dhaifu. Tuwarekodie?

JIBU: Kwanza wazime kamera; sauti na skrini ya mkufunzi vinatosha. Kurekodi ni sawa mkiomba ridhaa ya wote, ila rekodini chumba kikuu pekee. Kwenye vyumba vidogo watu huonyesha data za utafiti ambazo hazijachapishwa.