Jibu: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) haiponi, nimeshameza antibiotiki Septrin na sipro (siprofloksasini)

Pole sana dada. Nimekuelewa hivi: Septrin haikusaidia, sipro ikakupa nafuu kidogo kisha mkojo ukaanza kuchoma tena, na sasa unauliza uchome sindano gani. Hiyo sindano iache kwanza.

Nafanya kazi maabara, na swali langu la kwanza ni hili: mkojo wako uliwahi kuoteshwa, yaani bakteria waliomo kukuzwa maabara ili wajulikane na dawa zijaribiwe juu yao? Kipimo cha haraka kinaonyesha dalili za maambukizi tu, kama usaha, hakisemi dawa ipi itaua. Mara nyingi mhusika ni bakteria E. koli wa utumboni, na wengi wao Septrin na ampisilini haziwatishi tena.

Omba kuotesha kabla ya kuanza dozi nyingine. Jisafishe, mwaga mkojo wa mwanzo, kinga wa katikati, na ufike maabara ndani ya saa 2. Mkojo ukikaa juani bakteria wanazaana kikoponi na majibu yanapotoka. Sisi tunapanga vidonge vidogo vya karatasi zenye dawa juu ya sahani wanamoota bakteria. Dawa inayoua huacha duara tupu kuizunguka, bakteria hawaoti hapo. Kwenye fomu, R ni bakteria sugu kwa dawa hiyo, S ni dawa inawaua. Majibu ni siku 2 au 3.

Muulize daktari kuhusu antibiotiki nitrofurantoini. Kwa maambukizi ya kibofu bado inafanya kazi vizuri, ila yakifika kwenye figo haifai. Dawa yenyewe siwezi kukuchagulia bila majibu.

Ukiwa na homa, kutapika, maumivu ya ubavuni au ni mjamzito, usisubiri kuotesha, nenda hospitali leo. Na kisipoota kitu, omba wapime magonjwa ya zinaa.